Kuongoza gemu ya kuvumbua nchi mtandaoni ukiwa Kampala: uzoefu wangu na Owlbear Rodeo na Discord

Nianze na vifaa ili mwenye haraka asome hapa aende zake: Owlbear Rodeo ya bure (tovuti ya kushiriki ramani) kwa ramani, Discord kwa sauti, na Google Sheets kwa hesabu za chakula na siku. Basi. Gemu yenyewe ni ya kuigiza wahusika: mwongozaji anasimulia dunia, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu inaamua mambo. Naongoza kutoka Kampala na wachezaji wangu wametapakaa, mmoja Gulu, mmoja Mbarara, dada mmoja wa Makerere ambaye yuko Wandegeya hapo lakini kwa foleni ya jioni ni kama anakaa mbali kuliko yule wa Gulu, halafu kuna ndugu yetu wa Bunia, kule Kongo, na ndiyo maana tunacheza kwa Kiswahili, tukiingia kwenye Kiganda anabaki kimya mpaka tumkumbuke.

Gemu yetu si ile ya kupigana kila dakika. Ni ya kuzunguka nchi usiyoijua. Ramani imekatwa heksi, yaani vipande vya pembe sita, kila kimoja maili 6, wachezaji wanaanzia kijiji kimoja na hakuna hadithi niliyowapangia, wao ndio wanaamua waelekee wapi na kazi yangu ni kujua huko kuna nini. Ben Robbins, mbunifu wa gemu, aliandika kuhusu kampeni yake (yaani gemu moja ya vikao vingi) ya West Marches mwaka 2007 na mengi nimechukua kwake: hakuna siku maalum ya kucheza, hakuna kundi la kudumu, anayetaka kwenda mahali anakusanya wenzake kisha ananiambia mapema "mzee, tunataka kupanda ule mlima", nami naandaa upande huo tu. Kwa watu wenye shifti, mitihani na duka la kufunga saa tatu usiku, utaratibu mwingine sioni ungewezekana.

Sheria tunatumia Old-School Essentials, ambayo ni sheria za D&D (Dungeons and Dragons, gemu mama ya aina hii) za mwaka 1981 zilizopangwa upya zikasomeka, na za msingi unazipata bure. Nilizipenda kwa sababu zinachukulia safari kama kitu chenye bei. Mtu asiye na mzigo anatembea maili 24 kwa siku kwenye nchi ya wazi, hizo ni heksi nne. Akiingia kinamasi mwendo unakatika nusu, heksi mbili, na chakula hakikungoji. Kila siku mwongozaji anarusha dadu kuona kama wamepotea: kwenye majani ni nafasi 1 kati ya 6, msituni na milimani 2, kinamasini 3. Tatu kati ya sita! Nusu kwa nusu utapotea, na hutajua.

Hapo kwenye "hutajua" ndipo programu ya ramani inapopimwa, na ndipo Owlbear inanifurahisha zaidi, japo si kwa kitu ilichonacho, ni kwa kile isichokuja nacho yenyewe. Programu kubwa zinajivunia kwamba kidoti cha mchezaji kikisogea ukungu unaoficha ramani unafunguka wenyewe, taa inamulika, vivuli vinacheza ukutani. Ndani ya pango sawa. Lakini kwenye safari ya porini kidoti kinachosogea juu ya ramani ya kweli kimeshakwambia uko wapi, sasa utapoteaje? Mimi nawafungulia ukurasa mtupu wenye gridi ya heksi, nawapa ruhusa ya kuchora, basi. Ramani yangu ya kweli iko kwenye daftari mezani hapa. Ya kwao wanaichora wenyewe kwa kusikiliza ninachosema.

Mfano nitoe mmoja. Nchi yangu nimeiiba nyumbani, sijifichi: kuna mto uliojaa mafunjo nilioutoa Katonga, na juu yake mahandaki ya kale ya wafalme waliopotea, hayo nimeyatoa Bigo bya Mugenyi kule Sembabule, ambapo mahandaki ya kweli ukiyaunganisha yanapita kilomita 10 na wazee wanasema ni kazi ya Bachwezi, watawala wa hadithi za kale. Kundi la kwanza likaingia kwenye mafunjo likielekea magharibi. Nikarusha dadu kimya kimya, wamepotea, nikawageuza upande mmoja wa heksi, wakawa wanakwenda kusini magharibi bila habari. Wakayapata mahandaki, wakafurahi, wa Mbarara akayachora kwa rangi nyekundu na kuandika DHAHABU kwa herufi kubwa. Kwenye heksi ambayo siyo.

Kundi la pili likafuata ile ramani likakuta mafunjo matupu na mamba. Weee, kelele! Wa Gulu anasema alidanganywa makusudi ili dhahabu ibaki ya watu fulani, wa Mbarara anaapa, "Ssebo (bwana), mimi nilichora nilichoambiwa," mimi nimezima maikrofoni nacheka peke yangu. Ni yule dada wa Makerere aliyeuliza swali la maana: siku ile mlipopiga kambi, mzee alisema jua linazama upande gani wa mto? Mtu wa Bunia anaandika kila kitu, akafungua daftari: mbele yetu, mkono wa kulia. Kikao chote kilichobaki walikuwa wanafuta na kuchora upya, hakuna aliyerusha dadu hata moja, na hadi leo wanakisema kuliko vita yoyote niliyowahi kuwaandalia.

Sasa hela, maana najua mtauliza. Foundry, programu nyingine ya ramani, ni nzuri sana kwa anayetaka kila kitu, unalipa dola 50 mara moja tu, kwetu ni zaidi ya laki moja na nusu, na wachezaji hawalipi chochote. Lakini kwa kawaida inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, wachezaji wanavuta picha zote kupitia intaneti yako, na kwa laini ya simu kufungua njia watu wa nje waifikie laptopu yako ni kazi nyingine kabisa, labda ukodi seva. Tena umeme ukienda kwako dunia nzima inazimika. Owlbear inakaa kwao huko, mimi nikipata giza nawasha hotspoti ya simu naendelea, na betri ikiisha kabisa wachezaji bado wana ramani mbele yao wanabishana. Mchezaji hahitaji akaunti, unamtumia linki inafunguka kwenye brauza. Roll20, nayo ya aina hiyo, ipo tangu 2012, ina laha za wahusika (ukurasa wa sifa na mali za kila mhusika) na kila kitu, ila kwa tunachofanya sisi ni nyumba kubwa yenye vyumba ambavyo hatuingii.

Discord nina neno moja tu na ni la muhimu kwa anayenunua bando, hasa kwa vile data huku inakatwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Chaneli ya sauti huwekwa 64 kbps (kilobiti kwa sekunde) yenyewe, na kwenye seva ya kawaida unaweza kushusha mpaka 8 au kupandisha mpaka 96. Kwa 64, sauti ya mtu mmoja anayeongea bila kupumua ni kama MB 29 kwa saa. Shusha 24 inakuwa kama 11, na sauti inabaki ya kueleweka kabisa, hatuimbi kwaya sisi. Video zimeni. Na picha za ramani zipunguzeni kabla ya kuziweka maana kila mchezaji anaivuta kwa bando lake, ukiweka ya MB 15 umewalipisha wote.

Mapungufu? Owlbear haina laha ya mhusika ndani yake, kuna viongezi vya kuweka ila mimi nabaki na Sheets. Haihesabu siku wala chakula, hiyo yote ni juu yako, na mwongozaji mvivu wa hesabu ataua gemu ya aina hii ndani ya wiki. Nafasi ya kuhifadhi picha kwenye akaunti ya bure ina kikomo. Na kwenye simu, jamani, kuangalia sawa lakini kuchora mto kwa kidole gumba ni adhabu, kwetu wa simu wanasema tu na mwenye laptopu ndiye anachora, jambo ambalo limempa wa Mbarara cheo asichostahili.

Owlbear naipa nyota nne kati ya tano. Ukianza, kila kikao kikiisha piga skrinshoti ya ramani ya wachezaji uitupe kwenye chaneli yenu, si kwa sababu programu itaipoteza, ni kwa sababu kuna siku mtu atafuta ziwa zima akitafuta kitufe cha kukuza.