Oili ya giaboksi na difu: ninunue ipi, na kwa nini siiamini chupa ya GL-4/GL-5

Malalamiko yanayonifikia yanafanana sana. Mtu kaamua kubadilisha oili ya giaboksi mwenyewe, kanunua chupa ya bei ya juu, kafuata kila hatua, halafu gia ya pili inaanza kukwaruza. Kabla ya hapo ilikuwa inaingia vizuri. Akirudi dukani anaambiwa giaboksi ilikuwa imeshachoka, oili mpya imefichua ubovu tu. Mara nyingine ni kweli. Lakini kila ninapoomba picha ya lebo ya nyuma, mara nyingi nakuta maandishi yaleyale: GL-4/GL-5.

Mwongozo huu unahusu hiyo alama ya mkwaju (/) iliyopo katikati. Habari za sintetiki na oili ya kawaida utazipata kila mahali, na uzito, yaani unene wa oili, uko kwenye kitabu cha gari: kikisema 75W-80, weka 75W-80. Niongeze moja tu hapo. Namba za oili ya gia hazisomwi kama za injini. Oili ya gia ya 75W-90 ikishapata moto ina unene unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba 90 ni nzito kupita kiasi.

Mkwaju unaficha nini

GL-4 na GL-5 ni madaraja ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, API. Si ngazi za ubora. Yanaeleza oili imetengenezwa kulinda meno ya aina gani, na kwa mzigo gani.

Anza na difu ya nyuma. Pinioni, gia ndogo inayozungusha, haikutani na kraunwili, gia kubwa ya duara, katikati, iko chini kidogo, na kwa sababu hiyo meno yanasuguana kwa kuteleza huku yamebanwa kwa nguvu kubwa. Oili inakamuliwa itoke. Kinachobaki kuokoa chuma ni kemikali za salfa na fosforasi, ambazo zikipata joto hujenga utando mgumu juu ya meno. GL-5 imejaa kemikali hizo, takriban mara mbili ya GL-4. Kwenye difu ya aina hii hakuna mjadala, weka GL-5.

Giaboksi ya manuali ina mgeni ambaye difu haina: ringi za sinkroni, na nyingi ni za shaba. Ukiishika ringi nzima mkononi, upande wake wa ndani una mistari myembamba iliyochongwa karibu karibu, na ukipitisha ukucha unahisi kila mstari. Kazi ya mistari hiyo ni kukata utando wa oili ili shaba iishike koni ya gia na kulinganisha mwendo kabla meno hayajakutana. Ringi iliyochakaa, ukucha unapita bila kukwama popote. Hapo ndipo unaposikia krrr kila ukishuka kwenda ya pili.

Ringi hiyo ni breki, na breki inahitaji msuguano. Oili iliyojaa kemikali za kuzuia msuguano inainyima kazi yake. Juu ya hapo, salfa kali ya oili za zamani ilikuwa inakula shaba yenyewe giaboksi inapopata joto.

Wanaouza chupa ya mkwaju wana jibu, na ni jibu la kweli kwa nusu. Wanataja kipimo cha ASTM D130: kipande cha shaba kilichong'arishwa kinazamishwa kwenye oili ya moto, kisha rangi yake inalinganishwa na kadi inayoanzia 1a, bado kinang'aa, hadi 4c, nyeusi tii. GL-5 nyingi za siku hizi zinapita vizuri, kwa sababu salfa yake imetulizwa. Sawa. Lakini kipimo hicho kinaonyesha kama oili inakula shaba. Hakionyeshi kama ringi itaishika koni. Oili inaweza kukiacha kipande cha shaba kikiwa safi kabisa na bado ikawa telezi mno kwa sinkroni, na lebo isiseme uongo hata neno moja.

Na hiyo GL-4 iliyotangulia mkwaju mara nyingi haimaanishi zaidi ya hivi: oili inayobeba mzigo wa GL-5 bila shaka inabeba na mdogo wa GL-4. Suala la sinkroni halijaguswa. Kwa hiyo mimi naanza na chupa iliyoandikwa GL-4 peke yake, kisha natafuta kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa sentensi inayotaja sinkroni. Isipokuwepo, narudisha chupa mahali pake.

Giaboksi ya manuali: mpangilio wangu

Ya kwanza ni Red Line, na sifichi kwamba naipendelea. Wamekataa kutengeneza chupa moja ya kila kitu. MTL ni ya 75W-80, MT-85 ni ya 75W-85, MT-90 ni ya 75W-90, zote GL-4, zote zimetengenezwa zikifikiria sinkroni. Difu ina chupa zake tofauti. Kampuni inayokuambia wazi "hii si ya kule" imeniheshimu mimi na gari langu. Ni ghali, na huenda ukalazimika kuiagiza na kuisubiri. Giaboksi nyingi za gari dogo zinachukua kati ya lita 2 na 3, na oili hiyo inakaa miaka. Subiri.

Ya pili ni oili ya kampuni iliyotengeneza gari. Kwa Honda ya manuali ningeipandisha iwe ya kwanza: Honda MTF ni nyepesi kuliko oili za gia ambazo watu wengi wamezizoea, na giaboksi zile zilisanifiwa kwa wepesi huo. Ninacholalamikia ni bei, maana wakati mwingine unalipia nembo kuliko kilichomo. Ya tatu, Castrol Syntrans Multivehicle 75W-90, ambayo siku hizi utaikuta kwa jina la Transmax Manual Multivehicle. Ni GL-4, haina mkwaju, na inapatikana kirahisi kuliko Red Line.

Chupa ya GL-4/GL-5 naiweka mwisho, isipokuwa pale kitabu kinapodai GL-5 kwenye giaboksi. Subaru za manuali ni mfano mzuri: difu ya mbele inaoga oili moja na giaboksi, na meno yake yanahitaji GL-5, kwa hiyo waliosanifu walichagua sinkroni zinazoivumilia. Hapo fuata kitabu, usifuate hasira zangu.

Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lisilo na lebo, hapana.

Na niseme hili kwa wauzaji. Mteja akiuliza GL-4, msimpe GL-5 kwa maneno kwamba "namba ikiwa kubwa ndiyo bora." Nimeyasikia kwa masikio yangu kutoka kwa mtu mwenye rafu imejaa GL-5 mtupu, kwa sababu ndiyo inayotoka haraka. Anayeuza haingii chini ya gari. Gharama ya kushusha giaboksi na kubadilisha ringi anaibeba mwingine, na wa kumwamini wakati wa kununua alikuwa yeye.

Difu

Kabla ya kununua, hakikisha gari lako lina difu ya peke yake inayowekewa oili yake. Gari la kuvuta mbele lenye injini iliyolala kwa upana, difu yake imo ndani ya giaboksi na meno yake ni ya kawaida, kwa hiyo inatumia oili ileile. Watu wanahangaika kutafuta naati ambayo haipo.

Kwa difu ya nyuma, swali pekee ni kama ina klachi za kuzuia tairi moja kuzunguka bure, yaani LSD. Ikiwa nazo, oili inahitaji kemikali ya kulainisha msuguano wa klachi, la sivyo ukikata kona kali utasikia difu ikigugumia na kushtuka. Red Line 75W90 inayo tayari. Mobil 1 Synthetic Gear Lube LS 75W-90 pia inayo, na ni chaguo langu la pili. Ukiziweka kwenye difu ya kawaida hazidhuru kitu. Red Line ina nyingine iitwayo 75W90NS, isiyo na kemikali hiyo, na ndiyo ningeichukua kwa giaboksi ya manuali inayodai GL-5. Angalia herufi mbili za mwisho vizuri kabla ya kulipa.

Otomatiki na CVT

Hapa uhuru wa kuchagua ni mdogo. Rangi nyekundu ya ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ni rangi tu, imetiwa ili ujue kinachovuja ni nini, wala haionyeshi kwamba oili mbili ni sawa. Toyota WS haichanganywi na T-IV ya zamani. CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua hatua, inaendeshwa na mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli, na inahitaji oili yake maalumu, kama Nissan NS-3 au Honda HCF-2, kutegemea kitabu kinasema nini. Kuweka ATF ya kawaida humo ni kuua mashine. Nanunua ile yenye jina kamili lililo kwenye kitabu, na chupa zinazojitangaza kwamba zinafaa magari yote naziruka.

Usikubali pia maneno ya "oili ya maisha." ZF, wanaotengeneza giaboksi za magari mengi ya Ulaya, wenyewe wanapendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8.

Ukiwa unanunua, chukua pia wosha mpya, zile ringi nyembamba za kuzuia kuvuja, za naati zote mbili, ya kujazia na ya kumwagia. Na siku ya kazi, iwe difu au giaboksi ya manuali, fungua naati ya kujazia kwanza, kabla hujagusa ya kumwagia. Ikiwa imeganda, bora uijue wakati oili ya zamani bado imo ndani na gari linaweza kutembea mpaka kwa fundi.