Palazzo della Ragione ya Bergamo: ukumbi wa mashauri na viti visivyo na watu

Palazzo della Ragione, katika mji wa juu wa Bergamo kaskazini mwa Italia, lilijengwa katika karne ya 12 ili wenyeji wapate mahali pa kukutania na kukatia mashauri yao, nalo ni miongoni mwa majumba ya kale kabisa ya aina hiyo nchini humo. Chini ni nguzo na matao tu, na wapita njia hutoka katika uwanja wa Piazza Vecchia wakapenya humo kuelekea makanisani bila kuulizwa neno. Kwa sisi wa Lubumbashi, tuliozoea kwamba jengo la serikali huanzia kwenye geti na mlinzi, uwazi huo wenyewe unastahili kutazamwa.

Sanaa iko juu, katika ukumbi unaoitwa Sala delle Capriate kwa sababu ya kenchi zake za mbao, ambao kwa miaka kadhaa nyumba ya sanaa ya GAMeC imeutumia kwa maonyesho ya kisasa wakati wa majira ya joto. Kutani mna michoro ya zamani iliyobanduliwa kwingine, wakiwamo wanafalsafa waliochorwa na Donato Bramante mwaka 1477.

Nilipopanda mwaka 2023, zamu ilikuwa ya Rachel Whiteread, Mwingereza ambaye kazi yake ni kuifanya nafasi tupu iwe kitu kigumu. Alikuwa amepanga sanamu 60 za mawe, kila moja ikichukua umbo la ile nafasi iliyo chini ya kiti. Nadhani mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kwenye kilio, iwe Kamalondo au Katuba, viti vya kukodi vikianza kushushwa barabarani, majirani wanajua kuna msiba kabla hawajaambiwa ni nani aliyefariki. Na siku vinaporudishwa, ndipo wafiwa wanapoiona nyumba ilivyo tupu. Bergamo ilikosa hata viti hivyo: Machi 2020, Covid ilipouzidi mji nguvu, malori ya jeshi yalibeba majeneza kuyapeleka miji mingine, na jamaa hawakuruhusiwa kukusanyika. Nikiwa na habari hiyo kichwani, nilizunguka kati ya mawe yale polepole, nikijikuta nakwepa kuyagusa kama mtu anayepita mbele ya wazee walioketi.

Neno langu la lawama ni moja. Ukumbi huu una nguvu mno, na kazi ndogo au yenye maneno mengi ingemezwa na kuta zake. Sanamu hizi ziliokolewa na ukimya wao, lakini Bramante alibaki pembeni kama mgeni ambaye hakukaribishwa. Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, nayo hukutana na mtihani huo kila inapoingiza kazi za leo katika Makumbusho ya Taifa, miongoni mwa vitu vya mababu.

Atakayekwenda apande kwa treni ya kamba, inayofanya kazi tangu 1887, na asiharakishe kushuka. Saa nne usiku kengele ya mnara wa jirani hulia mara 100, kama ilivyolia zamani malango ya mji yalipofungwa. Mimi na shemeji yangu tuliihesabu tukiwa chini ya matao. Nilipofika 63 nikapotea, naye anashikilia mpaka leo kwamba alisikia 101.