Uzoefu wangu na rangi ya kopo kwenye rimu za alumini

Rangi ya kupuliza niliyoinunua Gerezani, Kariakoo, kwa ajili ya rimu za gari langu imetoa uso laini kuliko nilivyotarajia kwa bei yake, ingawa sehemu kubwa ya ulaini huo haikutoka ndani ya kopo. Nilichukua praima (rangi ya msingi), rangi ya fedha na klia (tabaka angavu la juu) za kampuni moja, kwa kuwa rangi za aina tofauti huweza kukataana, ya juu ikaikunja ya chini.

Rimu zilikuwa zimeganda vumbi la breki na kuota kutu nyeupe ukingoni, maradhi ya kawaida kwa sisi tunaoishi Kigamboni karibu na bahari. Baada ya kuziosha kwa sabuni na kuzifuta mafuta kwa thina, nilizisugua kwa msasa wa maji namba 320, kisha 600, hadi ukucha ukawa unapita bila kukwama. Hapa ndipo kazi ilipo, kwani rangi ya kopo ni nyembamba mno kuweza kufukia mkwaruzo, na inapong'aa huuanika zaidi.

Kopo hutikiswa kwa dakika 2 hivi tangu gololi iliyo ndani yake ianze kugonga, kisha hupulizwa kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, mkono ukiwa tayari unatembea kabla ya kubonyeza. Tabaka la kwanza huonekana hafifu, na liachwe hivyo hivyo. Ukisogea karibu mno rangi hutiririka. Ukikaa mbali mno kwenye jua la Dar es Salaam matone hukaukia hewani, yakatua makavu na kuacha uso wenye chembechembe. Mimi nilipuliza asubuhi, kivulini, siku isiyo na mvua, kwa sababu unyevu wa masika huweza kuifubaza klia ikawa na ukungu mweupe.

Kasoro ya kopo hili ni nozeli, yaani kitundu cha kupulizia, ambayo hutema matone kopo likikaribia kuisha. Tabaka la mwisho la klia lahitaji kopo jipya. Tena klia hii haina hadina, yaani dawa ya kuikomaza, hivyo petroli huiyeyusha; anayetaka uimara zaidi amwendee fundi rangi mwenye kompresa.

Maelezo ya kopo hayataji kuziba kwa solotepu matundu ya nati na sehemu rimu inapokutana na habu (kitovu cha gurudumu), ilhali rangi ikibaki hapo nati huweza kulegea barabarani.