Washa za tefloni kwa ndege za mpira za ukumbini

Washa hizi ni vipete bapa vya tefloni, plastiki inayoteleza, kwa ndege ndogo za mfano zinazorushwa ukumbini kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Tundu lake linapokea shafti (mhimili wa propela) ya waya wa 0.4 mm bila kubana. Ni nzuri, ila hazifanyi miujiza.

Mpira uliosokotwa huivuta propela nyuma hadi ikagandamiza beringi (kishikio ambamo shafti huzunguka), na hapo ndipo msuguano mkubwa ulipo. Weka washa mbili kati ya propela na beringi, ziteleze zenyewe kwa zenyewe. Kipenyo cha washa kikiwa kidogo, msuguano unaoizuia propela hupungua. Hizi ni pana mno, zipunguze hadi karibu 1.5 mm. Ukingo ulioinuka baada ya kukata hukwaruza, ulaze kwa ukucha.

Kabla ya kulaumu washa, tazama ndoano ya shafti inayoshika mpira. Ikitoka nje ya mstari wa shafti, propela hutikisika na washa hulika upande mmoja. Mafuta? Kiasi cha ncha ya pini, basi; mafuta ya mashine yakigusa mpira huuharibu.

Jaribu hivi: vua mpira, elekeza pua juu, puliza propela taratibu. Ikisimama ghafla, pana kitu kinabana.

Kero ni pakiti: ukiichana tu, washa zinaruka. Ifungulie juu ya kitambaa cheusi.