Uzoefu wangu: wikiendi ya masingo Iringa mjini, tukitokea Mbeya

Kama uko singo, unaishi Mbeya au huku jirani, na umekuwa ukijiuliza hizi safari za masingo za wikiendi zikoje, mimi nimeenda ile ya Iringa na naweza kukuambia nilichokiona. Niseme mapema kabisa nimeipenda, na ningemshauri mdogo wangu aende. Ila kuna mambo ya waandaaji lazima yasemwe, manake yakiachwa hivi hivi yatakuja kuharibu kitu kizuri.

Kwanza nieleze ni nini. Ni grupu la wasap la watu ambao hawapo kwenye ndoa, wengi wapo Mbeya mjini, wengine Vwawa, Tunduma, Tukuyu. Humo kuna ambao hawajawahi kuoa wala kuolewa, kuna walioachana, kuna wajane, umri ni thelathini na kuendelea, na mama mmoja tuliyekuwa naye ana mtoto chuo kikuu. Safari ilikuwa Ijumaa mpaka Jumapili kwa laki moja na themanini, hapo ndani kuna Kosta ya kukodi kwenda na kurudi, lodji, chai ya asubuhi na viingilio. Mchana na jioni kila mtu anakula kwa mfuko wake.

Watu wameniuliza, sasa si ungeenda tu mwenyewe Iringa, kwani ni mbali? Nimeshaenda miji ya watu mwenyewe na naujua huo mziki. Unafika lodji mapokezi wanakuuliza upo na nani, ukisema peke yangu wanakuangalia mara mbili. Ukikaa mahali ule jioni, kila anayepita anadhani unamsubiri mtu au unamtafuta mtu. Afu hela, jamani. Watu wawili wakienda mahali kama Kalenga wanagawana taksi, wewe unailipa yote peke yako, chumba unalipa chote peke yako, hata guide unamlipa wewe tu. Kwahiyo mwisho wa siku singo anatembea kidogo na kwa gharama kubwa, na wengi wanaamua kukaa nyumbani wikiendi nzima na rimoti. Hilo ndo linalonifanya niwatetee hawa watu wenye grupu, wamegusa kitu ambacho wengi tunakihitaji na hatukisemi.

Njiani sina mengi, barabara ya TANZAM mnaijua, malori ya Tunduma, matuta, trafiki, zaidi ya kilomita 300 na zinakula siku. Mafinga tulishuka kunywa chai na upepo ule wa kwenye misitu ya misindano ulitupiga hata sisi watu wa Mbeya tuliozoea baridi. Kitu kilichonikaa ni maneno ya dada kiongozi, alisimama kwenye Kosta kabla hatujafika hata Uyole, akasema, "Kaka zangu na dada zangu, hapa tumekuja kutembea. Ukipata mchumba ni baraka, usipopata umeiona Iringa. Na ukiambiwa hapana mara moja, imetosha, usimfuate mtu." Ndani ya gari pakatulia, na niliona kabisa mabega ya wadada wengine yakishuka. Mimi pia. Manake nilipanda nikiwa najiuliza nitaishia kukwepa watu wikiendi nzima.

Sasa lodji. Ile lodji yenyewe ilikuwa safi, maji ya moto yapo, mablanketi mazito, sina shida nayo. Shida ni waandaaji hawakutuambia kwamba laki na themanini ni ya kulala wawili wawili chumba kimoja, tumekuja kuambiwa pale mapokezi, usiku, watu wamechoka, mabegi chini, ndo unaambiwa ukitaka chumba chako ongeza elfu ishirini na tano kwa kila usiku. Mimi nilikuwa nayo nikaongeza. Yule mama hakuwa nayo, na hakuwa tayari kulala na mtu asiyemfahamu, ni haki yake, mtu mzima anatumia dawa zake, ana mambo yake. Alisimama pale na mkoba wake mpaka dada kiongozi akampa chumba chake na yeye akaenda kubanana na wenzake. Roho nzuri sana ile, ila haikutakiwa kufika huko. Bei ya kulala mwenyewe iandikwe siku ya kwanza kwenye tangazo, kwa sababu hili ni grupu la watu wanaolala wenyewe, ndo maisha yetu, haiwezekani chumba cha mtu mmoja kikawa kama ombi maalum.

Jumamosi ndo siku yenyewe. Tulianza Kalenga, ni nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha, pale palipokuwa na ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ambayo Wajerumani waliibomoa kwa mizinga 1894. Makumbusho ni kadogo, ukiingia unakutana na fuvu lake kwenye kioo. Historia ya Lugalo tuliisoma wote shuleni, 1891 Wahehe wakamshinda kamanda wa Kijerumani Zelewski na askari wake, afu Mkwawa akawa anawindwa miaka hadi akajipiga risasi 1898 asikamatwe, lakini kusoma ni kingine, kusimama mbele ya fuvu la mtu ambalo lilibebwa mpaka Ujerumani likarudishwa 1954 ni kingine kabisa. Kaka mmoja ambaye mama yake ni Mhehe alivua kofia akasimama muda mrefu, wala hakupiga picha. Tulivyotoka nje watu ambao toka Mbeya walikuwa hawajasemeshana wakaanza kubishana, hivi wale machifu wengine walikuwa upande gani, na babu zetu huku Unyakyusa walikuwa wanafanya nini wakati huo. Mimi na kaka mmoja wa Tukuyu tulibishana mpaka tunapanda gari na tukaendelea hadi mjini. Hakuna aliyekuwa anamtongoza mtu pale. Ndo nikaelewa kwa nini safari kama hizi zinahitaji mahali penye kitu cha kuangalia, ukiwaweka masingo kwenye ukumbi na mziki wanabaki kuangaliana tu, ukiwapeleka mahali penye jambo la kuzungumza wanajuana wenyewe.

Mchana tulikula Neema Crafts, ule mradi ulioanza 2003 wa kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Pale kwenye mgahawa wanaohudumu ni viziwi, oda unaandika kwenye karatasi. Sasa fikiria meza ndefu ya watu waliokuwa wanapiga kelele kwenye Kosta, ghafla kila mtu anagombania kalamu. Aliyekaa pembeni yangu mwandiko wake haukusomeka kabisa, yule binti anayetuhudumia akaukunjia uso karatasi, akanipa mimi niandike upya, nikaandika ya kwangu, ya kwake na za watu wengine wawili. Afu akatufundisha ishara ya chai na ya asante, na tukarudia mpaka akaridhika. Kahawa nzuri sana, keki nzuri zaidi, na dukani kuna vitu vya mikono ambavyo ukitoka bila kununua umejikaza kweli. Kwa watu wanaoona aibu kuanza maongezi, meza ile ilifanya kazi kuliko ile michezo ya maswali tuliyochezeshwa usiku, ambayo kwangu ilikuwa ya kulazimisha, mara sema sifa tatu za mwenza umtakaye, mara simama karibu na mtu ambaye… hapana, hiyo waiache.

Jioni tukapanda Gangilonga. Hii nasema na dada zangu hasa, ni jiwe kubwa juu ya mji na mwenyewe jioni usingepanda, ni kimya na njia ina vichaka, tulivyokuwa wengi nilipanda bila wasiwasi. Vaeni raba, mwisho kule ni mwinuko na ukivaa sendo utateleza. Juu unauona mji wote, mabati, miti, barabara inavyoteremka Ipogolo kwenda kukutana na ile kubwa ya malori. Mwanga ulipoanza kupungua tukateremka mapema, viongozi walihesabu watu juu na wakahesabu tena chini. Vitu vidogo hivi ndo vinanifanya niamini mtu anajua anachokifanya.

Usiku, sehemu ya nyama choma, ndo palipotokea jambo. Kaka mmoja aliomba namba ya dada mmoja wa kwetu, akajibiwa hapana vizuri tu. Akahama meza akamfuata. Akamnunulia soda, dada akairudisha. Akamfuata tena nje. Wengine tulishaanza kuangaliana, na mimi nilikuwa nimeshainuka, ila kaka kiongozi akawahi, akamshika bega bila fujo, "Kaka, umeshajibiwa. Njoo ukae huku." Asubuhi kwenye chai wakalisema tena mbele ya watu wote bila kutaja jina, na kwenye Kosta yule kaka akapewa kiti cha mbele na dereva. Nimekaa kwenye makundi ya kila aina, ya kazini, ya kwaya, ya vikoba, sehemu nyingi dada ndo angeambiwa achukulie kawaida, mwanaume ndo alivyo. Hapa hawakufanya hivyo. Kwa hili peke yake nawapa heshima yangu yote, na ndo sababu kubwa nasema dada nenda, usiogope.

Lakini hao hao wakaja kuharibu kwenye picha. Admini alirusha picha za wote kwenye ukurasa wa kutangaza safari, hadharani, Jumamosi hiyo hiyo usiku, hajamuuliza mtu. Kuna dada kesi yake ya talaka haijaisha na kuna watoto ndani yake, aliiona ile picha yake anacheka na nyama mkononi, katikati ya wanaume, na maneno "masingo wakijiachia" juu yake. Alilia. Ilifutwa baada ya saa nzima, na saa nzima kwenye simu za watu ni muda mrefu mno. Jamani, singo sio mtu asiye na watu. Ana watoto, ana wakwe wa zamani, ana mchungaji, ana bosi. Picha ziulizwe kabla, mtu asiyetaka asipigwe, na zibaki ndani ya grupu. Nimewaambia waandaaji wenyewe na wamesema watabadilisha, nitaamini nikiona kwenye safari inayofuata.

Jumapili waliotaka kanisani walienda, wengine tukazunguka sokoni kutafuta vile vikapu vya milulu wanavyosuka kina mama wa kule, bei ukiongea vizuri zinashuka. Watu wa Iringa ni wakarimu, ukiwasalimia tu kwa Kihehe "kamwene" uso unafunguka. Kurudi tukasimama Isimila, ipo njiani kabisa kama kilomita 20 ukitoka Iringa kuja Mbeya, na nilishangaa ni watu wangapi kwenye gari wamepita pale miaka yote na basi bila kujua kuna nini. Kuna zana za mawe za watu wa kale sana, ziligunduliwa 1951, na chini kwenye korongo kuna nguzo za udongo ndefu zilizochongwa na maji, unapita katikati yake unainua shingo. Guide anaeleza vizuri, muulizeni maswali. Ingetakiwa tupewe muda zaidi pale, tulikimbizwa, na bado tukafika Uyole usiku, bajaji za kubahatisha, kila mtu na lwake. Mtu anayeishi Iyunga au Mbalizi akishuka saa hiyo na begi ni hatari, waandaaji wapange watu wanaoelekea njia moja washee bajaji kabla gari halijasimama.

Mchumba? Mmeniuliza wote. Wapo wawili naona wanaongea sana, namwombea heri kila mmoja wao. Mimi sijapata na sikuenda kwa ajili hiyo. Nilichopata ni kina dada wawili ambao sasa tunaenda soko la Mwanjelwa pamoja Jumamosi na tunapigiana simu mtu akiumwa, na yule kaka wa Tukuyu bado tunabishana kuhusu machifu kwa meseji, na kwangu hiyo ni thamani kubwa kwa laki na themanini. Au laki mbili na thelathini ukihesabu chumba.

Nawapa 8 kwa 10. Ukienda, kabla hujatuma hela uliza chumba cha peke yako ni shilingi ngapi na upate jibu la maandishi, sema mapema kama hutaki picha, na beba sweta mbili. Kama unaenda kwa kutaka mke au mume wiki hiyo hiyo, utawachosha wenzako. Safari inayofuata wanasema ni Njombe, nimeshatuma hela na nimeandika kabisa kwenye muamala, chumba cha mtu mmoja.