Uzoefu wangu: mama aliyesimamia arusi ya mdogo wangu hapa Lubumbashi

Arusi ya mdogo wangu imepita, pesa ya ukumbi imelipwa, na bado watu wananisimamisha soko la Kenya, komini ya hapa mjini, kuniuliza: yule mama aliyesimama mlangoni amevaa nguo ya dhahabu ni nani, na anachukua pesa ngapi? Nimejibu sana kwa mdomo, sasa naandika. Jina lake na namba yake siweki hapa, ndivyo alivyoniomba mwenyewe. Wateja wake wanaletwa na wateja waliotangulia, na wanaohudhuria arusi za mjini watamtambua kwa nitakayoyasema.

Nianze na bei, maana ndiyo wote wanaitaka. Alituomba dola 700 kwa kazi yake na ya vijana wake wa protokoli, yaani wanaopokea na kuhudumia wageni: nusu ilipwe siku ya kukubaliana, nusu kabla ya wiki ya sherehe. Ndani ya hizo hakuna ukumbi, hakuna chakula, hakuna vinywaji, hakuna muziki wala mapambo. Papa alishtuka. Kwetu kupokea wageni ni kazi ya mashangazi na watoto wao, na shukrani ni kitenge. Lakini wageni walikuwa karibu 300, wa jamaa mbili zisizojuana, sisi Wabemba wa Kasenga na wakwe zetu Waluba wa Kasai. Na mashangazi wenyewe walisema wazi kwamba safari hii wanataka kukaa kwenye viti kama wageni wengine, wapakuliwe, wasikimbie na masinia hadi usiku wa manane.

Alipokuja nyumbani kwetu, mtaa wa Bel-Air, kwa mazungumzo ya kwanza, nilikuwa nimeandaa picha kwenye simu: maua, vitambaa vya meza, taa za kuning'inia. Hakuziomba. Alitoa daftari, akaniangalia, akasema: "Yaya," yaani dada, "kwanza uniambie banani habasikilizane mu jamaa." Alitaka kujua nani hawaelewani.

Akaendelea hivyo hivyo. Nani ana deni na nani. Nani waliachana na sasa kila mmoja atakuja na mwenzi mpya. Nani ana ugonjwa wa sukari. Nani hatumii pombe kwa ajili ya kanisa lake, na asiwekwe meza ya watu wa bia. Mzee gani hasikii vizuri. Shangazi gani lazima asalimiwe kabla ya wenzake. Mama alianza kuficha, kama tunavyofanya sote mbele ya mtu wa nje. Yule mama akafunga daftari, akamwambia taratibu: "Mama, ukinificha leo, siku ile batanionyesha bo benyewe mbele ya bantu." Hapo ndipo Mama akamtaja baba mdogo.

Baba mdogo na Papa waligombana zamani juu ya kiwanja, na hawasalimiani. Sisi tulikuwa tumekata shauri awekwe nyuma, karibu na mlango wa jikoni, ili mambo yapite. Yule mama alikataa kabisa. Alisema mtu mwenye kinyongo ukimweka nyuma, anapata usiku mzima wa kuhesabu dharau. Alimweka mbele, kwenye meza ya wazee wa upande wa mkwe, uso wake ukielekea maharusi na mgongo ukielekea Papa. Kisha akampa kazi: awakaribishe wazee wale kwa niaba ya jamaa yetu, awaulize safari, ahakikishe wamepata maji na chakula. Nilimwona baba mdogo akisimama mara kwa mara kumwita kijana wa protokoli kwa ajili ya wageni wake, kifua mbele. Mwishoni alicheza. Kiwanja bado kina maneno yake, hilo halikuisha, lakini hakuna aliyeondoka ukumbini na jeraha jipya.

Ustadi wenyewe wa kazi hii uko hapo, katika kujua nani akae na nani. Sio hapa kwetu tu. Marekani alikuwepo mwanamke mmoja, Elsa Maxwell, aliyezaliwa Keokuk, Iowa mwaka 1883 na kufariki New York mwaka 1963. Hakuwa tajiri, na sura haikuwa ndiyo iliyomfungulia milango, lakini wafalme na matajiri wa Ulaya walimtaka awaandalie karamu zao. Alijua kuwachanganya watu ambao wasingekaa meza moja, akawapa michezo ya kufanya pamoja. Ile ya kuwatuma wageni mjini kutafuta vitu vya ajabu ilienea sana kwa sababu yake. Mgeni mwenye jambo la kufanya anasahau kiburi chake. Yule mama wetu sijui kama amewahi kumsikia, lakini alichomfanyia baba mdogo kinatoka kwenye akili hiyo hiyo.

Arusi ilikuwa Julai. Wasioishi Lubumbashi wanadhani Kongo yote ni joto. Sisi tuko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Wengi wanapanga arusi wakati huu kwa sababu mvua imeisha tangu Aprili au Mei na barabara za mitaani zinapitika, halafu wanasahau kwamba babu atakaa muda wa saa tano kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango ulio wazi. Yeye hakusahau. Wazee wote aliwaweka upande wa ukuta, mbali na milango miwili ya ukumbi, na kitu cha kwanza walichopewa kilikuwa chai ya tangawizi, ya moto, kwenye vikombe vya udongo. Bia ilikuja baadaye. Bibi yetu anaisema chai ile hadi leo kuliko anavyosema gauni la bibi arusi.

Saa kumi jioni, ukumbi ukiwa bado mtupu, nilimkuta akizunguka peku, viatu vyake virefu vimewekwa kando. Alikuwa anakaa kwenye kiti kimoja cha kila meza. Anakaa, anaangalia mbele kuelekea jukwaa la maharusi, anainuka, anasogeza chombo cha maua, anakaa tena. Meza mbili za kona alizigeuza kabisa kwa sababu nguzo ilikuwa inawazuia watu kuona. Kwenye meza moja spika ilikuwa karibu mno, akamwomba mtu wa muziki aiinue na kuielekeza katikati. Yule akasema haiwezekani. Hakubishana naye, alimwambia akae pale yeye mwenyewe, awashe muziki kwa sauti ya usiku, na wazungumze. Baada ya wimbo mmoja alikwenda kuisogeza.

Kisha alivaa viatu, akajipaka rangi ya midomo, na akawa mtu mwingine. Hapa niseme juu ya kumeta kwake, maana baadhi ya shangazi zangu walinong'ona kwamba anajionyesha. Siku tulipokubaliana aliuliza rangi za sare za pande zote mbili na rangi ya gauni la pili la bibi arusi, ili asivae hata moja. Nguo yake ya dhahabu ilikuwa ya kazi. Mhudumu akitaka kujua aende wapi, anainua macho na kumwona kutoka mwisho wa ukumbi. Mgeni aliyepotea anamwendea moja kwa moja. Na mlangoni, mtu aliyetoka komini ya Katuba kwa teksi, vumbi kwenye viatu, akipokelewa na mwanamke aliyevaa vile na kuitwa kwa jina lake, "Papa mukubwa, karibu, tulikuwa tunawangojea," mgongo wake unanyooka. Nilisimama karibu naye muda mrefu nikatazama. Alikuwa ameshika majina kutoka kwenye daftari lake, na kwa yule asiyemjua, kijana wake aliyesimama hatua tatu nje alikuwa ameshauliza na kumnong'oneza.

Kwa chakula alifanya jambo ambalo wakwe hawatalisahau. Hapa mjini tunakula bukari, yaani ugali, ya mahindi meupe, lakini wazee wa Kasai wamezoea unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo. Hakuna aliyemwambia, aliuliza mwenyewe mapema, na mpishi akasonga za aina mbili. Ile ya mchanganyiko ilipelekwa kwenye meza za wazee wao bila tangazo, pamoja na samaki, sombe (majani ya muhogo) na michopo (nyama ya kuchoma) kama meza nyingine. Mama mkwe aliinua kifuniko, akatazama, akaniita kwa mkono. Alinishika tu mkono, hakusema kitu.

Pia aliweka chakula kabla ya zawadi. Wengi wetu tunajua mateso ya kinyume chake: mstari wa zawadi unacheza polepole hadi saa tano za usiku, watoto wamelala kwenye viti, chakula kimepoa. Msemaji wa sherehe alipinga, alisema watu wakishakula wanakwenda. Hawakwenda. Walicheza vizuri zaidi wakiwa wameshiba, na bahasha zilikuja.

Vinywaji ndiko pesa za arusi nyingi zinakopotelea, kwa hiyo nililitazama hili kwa makini. Kazie, yaani kreti, za bia za Simba na Tembo zilifungiwa kwenye chumba kimoja chenye ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa kwa mjomba wetu tuliyemchagua wenyewe, yule mama hakutaka kuushika. Kila mhudumu alikuwa na meza zake na sahani ndogo ya kuwekea vifuniko. Hakupewa chupa mpya bila kurudisha tupu na vifuniko vyake. Mwisho wa usiku vifuniko vilihesabiwa, chupa tupu zikahesabiwa, na tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba mjomba hakuona haja ya kuiandika. Kazie zilizobaki zilirudi depo Jumatatu.

Umeme ulikatika wakati maharusi wanaingia. Jenereta ilikuwepo, alishailazimisha kwenye mkataba wa ukumbi, lakini mtu wa kuiwasha alichelewa. Giza, watu wameshika simu, mdogo wangu amesimama katikati ya njia na gauni lake. Yule mama aliwaendea akina mama wa upande wetu, akawagusa mabega wawili watatu, na wakaanza kuimba kwa sauti na vigelegele, wale wa upande wa pili wakaitikia kwa nyimbo zao. Vijana wa protokoli wakajipanga pande mbili na taa za simu. Mdogo wangu aliingia akicheza kwenye nuru ile. Mpiga picha, ambaye sisi ndio tulimchukua kwingine, alikuwa bado njiani. Hilo halimhusu yule mama.

Sasa yasiyonipendeza, maana yapo. Anafanya kazi na mtu wake mmoja wa mapambo, na ukitaka mwingine anakuwa mgumu. Maua yalikuwa ya plastiki, mazuri kwa mbali, lakini kwa bei ya mapambo hayo nilitegemea angalau meza ya maharusi iwe na maua ya kweli. Ni mkali kwa vijana wake. Msichana mmoja alilia jikoni kwa sababu ya sinia iliyochelewa, na sikuona sababu ya kumfokea mbele ya wenzake. Ukibadilisha tarehe, nusu ya kwanza hairudi. Na risiti hatoi mpaka uombe. Omba, ataandika bila neno. Muulizeni pia mapema kuhusu saa za ziada za ukumbi, kwa sababu usimamizi wake unaishia saa iliyoandikwa kwenye karatasi, na mwenye ukumbi anaanza kuhesabu hapo hapo.

Upande wa komini (ndoa ya serikali) na kanisa hagusi. Mahari alitusaidia kidogo tu: kupanga mikeka, viti na nani aongee baada ya nani. Mahari yenyewe ni ya jamaa, na Kanuni ya Familia, sheria ya nchi yetu ya mwaka 1987, hata baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inaidai, kwa hiyo hapo wazee ndio wenye neno, na yeye anajua mpaka wake.

Tukisubiri gari la viti, karibu alfajiri, alikaa chini kwa mara ya kwanza na nikamuuliza alianzaje. Alianza akiwa msichana wa protokoli parokiani, akibeba sinia za biskuti kwenye arusi za wengine. Baadaye alifanya kazi ya mapokezi hotelini, akajifunza kushika majina. Jumamosi hajawahi kuwa nayo tangu awe mtu mzima. Arusi za ndugu zake mwenyewe alizisimamia, hakuzihudhuria. Jumapili analala, Jumatatu anafuata madeni. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, na alivikanda huku akinihesabia nani bado hajapata gari la kurudi.

Wanaomtaka kwa kiangazi kijacho wazungumze naye kabla ya Pasaka, kwa sababu Jumamosi za Julai na Agosti zinajaa haraka. Na msiende kwake na picha za mapambo. Nendeni na orodha ya wageni iliyokamilika, pamoja na mtu mmoja wa jamaa anayejua ugomvi wote na aliyekubali kuusema.