Mchoro usiojongea, ufito usiotulia

Mchoro wa msanii Mwingereza Bridget Riley wa 1961, Movement in Squares, haujongei hata kidogo. Ni miraba myeusi na myeupe tu. Kimo chake hakibadiliki, ila upana unazidi kubanwa kuelekea kulia kidogo ya katikati, hadi inabaki michirizi. Ukiukazia macho, uso bapa unadidimia kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Sanamu ya msanii mzaliwa wa Urusi Naum Gabo, ya 1919 hadi 1920, ni kinyume chake: ufito mmoja wa chuma, mota chini. Unatetemeshwa kwa kasi ambayo jicho haliwahi kuifuata, nalo linaona wimbi lililosimama. Zima mota, wimbi kwisha. Kati ya hao wawili, mimi nampa Riley ushindi: hahitaji umeme, na hata ukiijua hila yake bado inakunasa.